Mimba za utotoni Malindi: huyu msichana anakaa na nani?

Msimu wa mitihani ya kitaifa ukifika, huja habari ile ile. Mtahiniwa kajifungua usiku, asubuhi kaletewa karatasi wodini, msimamizi kaketi kando ya kitanda na askari yuko mlangoni. Mwaka 2018 habari za aina hii zilizidi hadi Kaunti ya Kilifi ikawa gumzo la Kenya nzima, na Malindi yetu ikatajwa pamoja nayo. Zikafuata baraza za machifu, marufuku ya disko matanga, yaani ngoma za usiku kwenye matanga, na hotuba ndefu kuhusu maadili. Mitihani ikaisha, mjadala ukalala.

Katika kelele hizo kuna swali ambalo halipewi nafasi yake: msichana huyu alikuwa anakaa na nani? Ukiuliza, mara nyingi jibu huwa si mama na baba. Anakaa kwa shangazi yake Muyeye kwa sababu kwao shule ya sekondari iko mbali. Anakaa na nyanya yake Ganda, mama yuko Mombasa akitafuta, baba hajulikani alipo. Aliletwa kutoka Marafa kulea mtoto wa watu, akaahidiwa kusomeshwa. Au yuko katika makao ya watoto tangu alipokuwa na miaka 6. Kwa maoni yangu mimba za utotoni na malezi ya watoto walio nje ya nyumba za wazazi wao ni jambo moja lenye ncha mbili. Msichana anayelelewa bila mtu mzima wa kumfuatilia yumo hatarini zaidi, na mtoto atakayemzaa huenda akaingia katika malezi ya namna hiyo hiyo.

Tuanze na takwimu, maana hapa ndipo watu hupotezana. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba wasichana 15 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Mwaka 2014 walikuwa 18 kati ya 100, na Kilifi wakati huo ilikuwa juu ya wastani huo, ikikaribia 22. Samburu mwaka 2022 walikuwa nusu nzima, ilhali Nyeri na Nyandarua walikuwa 5 tu kati ya 100. Kwa hiyo Pwani si mahali pabaya kuliko pote kama tunavyosemwa, na tofauti kati ya kaunti na kaunti ni kubwa mno kuelezwa kwa kusema tu kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Vijana wa Nyeri nao ni wa siku hizi.

Tena idadi hizi huchanganya watu tofauti kabisa. Mwanamke wa miaka 19 aliyeolewa kwa hiari yake anahesabiwa katika fungu moja na mtoto wa miaka 15 anayesoma gredi ya tisa. Takwimu za kliniki za wajawazito, ambazo ndizo viongozi hupenda kuzitaja, nazo hukusanya wote walio chini ya miaka 20. Ninayemzungumzia hapa ni yule mdogo, aliye chini ya miaka 18.

Anayempa mimba

Tuitazame safari ya bodaboda kwa karibu. Msichana anaachiwa shilingi 50 asubuhi, naye lazima achague kati ya nauli na chakula cha mchana. Dereva mmoja anampa lifti Jumatatu. Jumatano anamkuta amesimamisha pikipiki kando ya barabara, anamngoja. Wiki inayofuata anamnunulia chipsi. Mwezi ukiisha anamletea sodo, kitu ambacho nyumbani aliona haya kukiomba kwa sababu nyumba yenyewe si ya mamake. Hakuna siku ambayo mtoto huyu alikaa akaamua kuanza mapenzi. Kilichokua ni deni, na deni likianza kudaiwa hana wa kumwambia kwamba anaogopa kupanda pikipiki ya fulani.

Hapo ndipo mtoto wa kulea anapotofautiana na mtoto wa nyumbani. Anayekaa na mamake anaweza kununa, akalalamika kwamba nauli haitoshi, akarudi tena kesho kulalamika. Anayekaa kwa watu hupima kila neno. Anaogopa kuonekana mzigo, anaogopa kurudishwa kwao, na anajua kwamba binamu zake wakikosa kitu wataulizwa wanataka nini, yeye ataambiwa ashukuru alichopata.

Si haki kuwatupia madereva wa bodaboda lawama zote. Wengi wao ni vijana wenye familia wanaotafuta riziki, na wapo wanaowafikisha watoto wa majirani shuleni salama kila siku. Mwanamume anayewanasa wasichana anaweza kuwa mwenye duka, mwalimu, mjomba, au mtalii. Utafiti wa UNICEF na serikali uliotolewa mwaka 2006 kuhusu biashara ya ngono na watoto katika Pwani ulikadiria kwamba wasichana 10,000 hadi 15,000 katika maeneo ya Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakijihusisha nayo mara moja moja. Wengi tulisoma habari ile tukawafikiria Wazungu peke yao. Lakini katika utafiti huo huo, kundi kubwa zaidi la wateja lilikuwa la Wakenya wenyewe, 38 kati ya 100. Utalii huleta pesa na huleta hatari, na hoteli zinapofungwa wakati wa mvua za Mei na Juni, mama mpishi na baba mlinzi wakarudishwa nyumbani, hatari haipungui. Nyumba ikikosa mshahara, msichana ndiye wa kwanza kukosa nauli.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 haina utata. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo anafungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo si chini ya miaka 20. Akiwa na miaka 16 au 17, si chini ya miaka 15. Kauli ya kwamba mtoto mwenyewe alikubali haimwokoi mtu, kwa sababu aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa. Na kumwoza ili kufunika aibu hakusaidii: Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini kabisa, iwe ndoa ya kimila, ya kanisani au ya Kiislamu.

Kinachotokea vijijini ni kingine. Viti vinatolewa chini ya mwembe. Wazee wa upande huu na wa upande ule wanakaa, wanasalimiana kwa urefu, kisha wanaanza kuhesabu: pesa kiasi, mbuzi, gharama za kujifungua. Msichana mwenyewe yuko jikoni anawapikia wageni chai. Hakuna anayemwita aseme alivyofanyiwa. Jioni mambo yamekwisha, familia mbili zimepatana, na mwanamume yule yuko huru kumsimamishia pikipiki msichana mwingine. Nawaheshimu wazee wetu na najua wamezima ugomvi mwingi ambao mahakama ingeuchochea. Lakini kosa hili halimo katika uwezo wao. Ni jinai, na mwenye mamlaka ya kuiondoa kesi mahakamani ni mwendesha mashtaka wa umma. Baba mzazi hana mamlaka hayo, chifu naye hana.

Kuna upande mmoja wa sheria hii unaoumiza vibaya: mvulana wa miaka 17 na msichana wa miaka 16 waliopendana. Kwa maandishi ya sheria, mvulana anaweza kushtakiwa sawa na mzee wa miaka 50. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba umefika wakati wa Wakenya kuujadili umri wa ridhaa na ukali wa adhabu hizi. Mjadala huo haujakamilika. Mpaka ukamilike, wavulana wetu nao wanahitaji kuambiwa mapema sheria inasemaje, kabla hawajajikuta rumande.

Marekani walichojifunza kuhusu watoto wa kulelewa

Nchini Marekani, mtoto akiondolewa kwa wazazi kwa sababu ya kupigwa, kutelekezwa au wazazi kuzama katika dawa za kulevya, serikali humkabidhi kwa familia nyingine inayolipwa posho ya kumtunza. Haya ndiyo malezi ya kambo. Watoto walio katika mfumo huo ni zaidi ya 300,000, nao hufuatiliwa kwa mafaili. Kwa hiyo wenzetu wana kitu ambacho sisi hatuna: wanaweza kuhesabu yaliyowapata.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walianza kuwafuatilia vijana 732 waliokuwa wakitoka katika malezi hayo kwenye majimbo ya Illinois, Iowa na Wisconsin. Wasichana walipofika miaka 19, karibu nusu yao walikuwa wameshashika mimba. Kwa wasichana wengine wa umri huo nchini humo, ilikuwa takriban mmoja kati ya watano. Na haya yalitokea katika nchi ambayo uzazi wa vijana umeshuka kwa kasi: mwaka 1991 wasichana wa miaka 15 hadi 19 walizaa watoto karibu 62 kwa kila wasichana 1,000, na mwaka 2023 walizaa 13.

Sababu zake mtu wa Malindi atazitambua mara moja. Mtoto huhamishwa nyumba hadi nyumba, na kila akihama anabadilisha shule, hivyo yale masomo ya mwili na uzazi yanampita. Wengine walidhulumiwa kabla hata ya kuingia katika mfumo. Hakuna mtu mzima mmoja anayemjua kwa muda mrefu kiasi cha kuulizwa swali la aibu. Na wapo waliosema waziwazi kwamba walitaka mimba, walitaka mtu wa kwao ambaye hatahamishwa. Ukimpa msichana kama huyo hotuba ya kujizuia, hujagusa anachokitafuta.

Baadaye likaja jambo la kutia moyo. Illinois iliwaruhusu vijana kubaki katika malezi hadi miaka 21, wakati majimbo yale mengine mawili yalikuwa yakiwaachilia wakiwa na miaka 18 hivi. Waliobaki walichelewa kushika mimba kuliko walioachiliwa mapema. Jimbo la Oregon nako kulifanyika majaribio na wasichana 166 wa miaka 13 hadi 17 waliokuwa wameingia matatani na sheria. Baadhi waliwekwa mmoja mmoja kwa walezi wa kambo waliofunzwa kazi, waliopigiwa simu kila siku kuulizwa hali, walioweka masharti ya nyumba na kuyasimamia bila matusi. Wengine walipelekwa katika makao ya pamoja kama ilivyokuwa desturi. Miaka 2 baadaye, 47 kati ya 100 ya waliokaa makaoni walikuwa wameshika mimba. Kwa waliolelewa na walezi waliofunzwa, walikuwa 27. Lengo la kwanza la mpango wenyewe lilikuwa kuwatoa katika uhalifu. Mimba zilipungua kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua msichana yuko wapi saa 1 jioni, na aliyempenda huku akimfuatilia.

Malezi ya kambo tuliyonayo bila karatasi

Hapa Pwani hatujawahi kungoja serikali ituambie tulee mtoto wa ndugu. Mtoto wa dada yako ni wako. Akifiwa, akishindwa karo, akiwa mkubwa wa nyumba yenye vinywa vingi, anachukuliwa. Utaratibu huu umewaokoa watoto wengi kuliko makao yoyote, na ningeumia kuuona ukifa. Kasoro yake ni kwamba hauna karatasi wala mkaguzi. Msichana akiletwa mjini kwa shangazi, nani ana wajibu gani? Mama aliye kijijini anadhani shangazi anamwangalia. Shangazi, anayetoka saa 11 alfajiri kwenda kukaanga mahamri na kurudi usiku, anadhani shule inamwangalia. Shule ina watoto 60 darasani.

Kukosa karatasi kunaleta madhara ambayo watu hawayaoni mpaka yawafike. Cheti cha kuzaliwa kilibaki kijijini, au hakikuwahi kuchukuliwa, hivyo kumwandikisha shuleni na katika mtihani ni mzozo. Fomu ya basari inataka sahihi ya mzazi. Na liko hili la afya: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema huduma za afya ya uzazi kwa mtoto zitolewe kwa idhini ya wazi ya mzazi au mlezi. Sasa msichana wa miaka 16 anayekaa kwa binamu ya babake, akienda kituo cha afya, ni nani wa kumtolea idhini? Sheria iliyotungwa kulinda nafasi ya wazazi inamwacha nje yule asiye na mzazi karibu.

Sheria hiyo hiyo imefungua njia kadhaa, na inafaa kuzitenganisha kwa sababu watu huzichanganya. Kuasili ni kumfanya mtoto kuwa wako moja kwa moja kwa amri ya mahakama. Malezi ya kambo ni ya muda: familia inakaguliwa, inakabidhiwa mtoto, afisa wa watoto anafika kuangalia, na mtoto hapotezi wazazi wake. Jamaa pia anaweza kulea kwa kutambuliwa rasmi, na mahakama inaweza kumteua mtu kuwa mlezi wa kisheria.

Kwa Waislamu sheria imeitambua kafala, na hapa ningependa kukaa kidogo kwa sababu mitaa kama Shela na Mambrui inaihitaji. Katika kafala, mtoto unamlea, unamsomesha, unamtunza kama wako, lakini anabaki na nasaba ya babake aliyemzaa. Hana fungu katika mirathi yako kama mwanao wa damu, ingawa unaweza kumwachia kwa wasia katika theluthi ya mali. Na kwa kuwa hakuzaliwa nawe, akibaleghe yeye na wanaume wa nyumba hawawi maharimu, yaani jamaa wasioweza kuoana, isipokuwa kama alinyonyeshwa na mama wa nyumba alipokuwa mchanga. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa kikwazo cha kulea. Mimi naliona kama ulinzi uliofikiriwa zamani sana. Linailazimisha familia kuuliza mapema: atalala wapi, ataoga wapi, nani atabaki naye nyumbani tukitoka. Sehemu kubwa ya dhuluma dhidi ya watoto hufanywa na watu wanaojuana nao, na maswali haya yanastahili kuulizwa katika kila nyumba inayopokea msichana, iwe ya Waislamu au ya Wakristo.

Kuhusu makao ya watoto, mengi ya huku Malindi na Watamu yalijengwa kwa nia njema na wafadhili wa ng'ambo. Serikali ilisimamisha kusajili makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe hatua kwa hatua katika familia. Naunga mkono shabaha hiyo, ila nina hofu moja. Msichana wa miaka 16 aliyekaa makaoni miaka 10, akirudishwa kwa mjomba asiyemjua, bila ziara za afisa wa watoto na bila msaada wa chakula, anawekwa katika hali ile ile waliyokutwa nayo wenzake wa Iowa na Wisconsin.

Kinachozuia kweli

Tunazo tafiti zilizofanyika Kenya hapa hapa, na majibu yake yanashangaza kwa urahisi wake.

Ya kwanza ni pesa. Mpango wa serikali wa kuzipa familia zinazolea mayatima na watoto walio katika dhiki shilingi 2,000 kwa mwezi, ambao sasa uko chini ya Inua Jamii, ulifanyiwa utafiti katika wilaya 7, Kwale ikiwemo. Katika nyumba zilizopokea pesa hizo, wasichana waliopata mimba walipungua kwa 5 katika kila 100, hasa kwa sababu walibaki shuleni. Hakuna aliyewahubiria. Nyumba ilipata unga na karo, basi.

Ya pili ni sare. Magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa shule za msingi walipopewa sare za bure, wasichana waliozaa ndani ya miaka 3 walikuwa 13 kati ya 100, wakati wasiopewa walikuwa 16.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Katika shule 71 za huko huko magharibi, wasichana wa darasa la nane walipewa kipindi kimoja cha dakika 40. Walionyeshwa takwimu za maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa umri wa wanaume, wakajionea kwamba mwanamume mtu mzima mwenye pesa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko kijana wa rika lao. Mwaka mmoja baadaye, uzazi kati yao ulikuwa umepungua kwa 28 kwa mia. Wasichana waliacha wanaume watu wazima. Shule ambazo walimu wake walifunzwa kufundisha kujizuia tu, kwa mtaala rasmi, hazikuona mabadiliko ya mimba. Mtoto aliambiwa jambo la kweli, lenye hesabu, akalitumia. Wanaodai kwamba kumwambia mtoto ukweli ni kumfundisha uasherati ningewaomba wautazame mfano huu.

Disko matanga je? Kuzipiga marufuku kunafaa. Muziki wa usiku kucha, pombe, giza na watoto wasio na mtu mzima hawapaswi kukutana. Lakini marufuku haimfikii msichana anayesumbuliwa mchana, njiani, na mtu anayemjua kwa jina.

Na upangaji uzazi? Najua ni swali linalowachoma wazazi wa dini zote hapa kwetu, na sitalikwepa. Kwa msichana mdogo ambaye hajaanza, kazi yetu ni kumkinga asianze na kumwondolea sababu za kusukumwa. Kwa yule aliyekwisha zaa akiwa na miaka 15, naamini kumnyima sindano au kijiti kwa ajili ya aibu ni kumwandalia mimba ya pili kabla mtoto wa kwanza hajaanza chekechea. Mzazi au mlezi aende naye kituo cha afya, atoe idhini, amsikilize muuguzi.

Mimba ikishaingia

Chini ya miaka 20 mwili huwa katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua, na mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Kwa hiyo kliniki ianze mapema. Wasichana wengi huficha hadi mwezi wa sita, na ukali wa nyumbani ndio unaowafanya wafiche.

Shule haina ruhusa ya kumfukuza. Sera ya kuwarudisha wasichana shuleni ipo tangu 1994, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kina zaidi. Kizuizi huwa nyumbani: nani atakaa na mtoto? Mara nyingi huwa nyanya, na zipo nyumba ambazo nyanya humtangaza mjukuu kuwa mtoto wake wa mwisho, mama akageuzwa dada. Nia ni kumsitiri msichana. Lakini mtoto huyo akikua na kugundua, anakuwa amepoteza wote wawili kwa siku moja. Inawezekana nyanya akalea huku mama akijulikana ni nani, akimnyonyesha jioni, akienda shule asubuhi. Naye baba, kwa Ibara ya 53 ya Katiba, ana wajibu sawa na mama, wawe wameoana au la. Matunzo hayo ni haki ya mtoto, na hayafuti kesi ya unajisi.

Ikiwa umempokea msichana kutoka kwa ndugu, au unafikiria kumpokea, nenda naye kwa chifu na kwa ofisi ya watoto mapema ili ijulikane yuko kwako. Fuata cheti chake cha kuzaliwa. Kubaliana na wazazi wake kwa maneno yasiyo na shaka: nani analipa nini, nani anahudhuria mikutano ya shule, atarudi kwao lini. Mpe sodo bila kungoja aombe, mpe nauli yake mkononi, na umuulize kila siku alirudi na nani. Mwambie mbele ya watu wote wa nyumba kwamba akiguswa na mtu yeyote, wa ndani au wa nje, aje kwako na hatarudishwa kwao kwa kusema.

Na ikitokea amefanyiwa, asioge kwanza, nguo zake ziwekwe ndani ya mfuko wa karatasi, wala si plastiki, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Vidonge vya P2, vya kuzuia mimba kwa dharura, husaidia hadi siku 5, lakini kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Matibabu hayo hayalipiwi katika hospitali za umma. Daktari ajaze fomu ya matibabu ya dhuluma ya kingono, kisha mwende dawati la jinsia katika kituo cha polisi kuchukua P3, fomu ya polisi ya ushahidi wa daktari. Nambari ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto ni 116, na ya dhuluma za kijinsia ni 1195. Zote hazilipishwi na hupokewa saa zote, na jirani anaweza kupiga pia, hata kama nyumba yenyewe imeamua kunyamaza.